Akili Haifunzwi Wodini

Imekuwa desturi miongoni mwa matabibu, na kutoka kwao desturi hiyo imewashukia wakuu wa hospitali, washika fedha na hata jamaa za wagonjwa wenyewe, kuamini kwamba mtu aliyepotewa na kumbukumbu, makini au uwezo wa kupanga mambo yake kwa sababu ya uvimbe wa ubongo, akitaka kurejeshewa sehemu ya alichopoteza, hana budi kufika mbele ya mtaalamu, kuketi naye ana kwa ana katika chumba cha hospitali, na kupimwa na kufunzwa humo humo. Na kwamba mafunzo yatolewayo kwa mbali, kwa simu au kwa kishikwambi, ni kifuta machozi cha wale ambao tiba yenyewe haikuwafikia. Wenye imani hiyo si wajinga, wala si watu wa nia mbaya. Wengi wao wamemaliza ujana wao kando ya vitanda vya wagonjwa, na wameona jinsi jicho la mjuzi linavyong'amua katika dakika moja jambo ambalo barua na simu zingeshindwa kulieleza kwa mwezi mzima. Hata hivyo wamekosea, tena wamekosea katika shina la hoja yao, nalo ni mahali. Akili iliyojeruhiwa hufunzwa vema pale inapotumika. Na akili ya binadamu haitumiki wodini, ambako chakula huletwa kwa saa maalumu, dawa hutolewa na mkono wa muuguzi na siku nzima hupangwa na watu wengine. Hutumika jikoni, dukani, shambani na sokoni. Mafunzo yamfuatayo mgonjwa huko, maadamu nyuma yake yupo mtu mjuzi, hayastahili kuitwa daraja la pili.

Kabla ya kujibizana ni insafu kulieleza jambo lenyewe. Uvimbe wa ubongo hauidhuru akili kwa njia moja. Upo uvimbe wenyewe, unaosukuma na kubana. Yapo maji yanayojaa kandokando yake. Kipo kifafa, ambacho kwa wagonjwa wengi ndicho dalili ya kwanza, na zipo dawa za kifafa, ambazo huweza kumfanya mtu mzito wa kufikiri. Kipo kisu cha mpasuaji, ambacho hata kikiwa mkononi mwa stadi hakipiti katika ubongo bila ya hatari ya kuacha alama. Na ipo mionzi, ambayo deni lake huweza kudaiwa baada ya miaka mingi. Mwaka 2009 wataalamu wa Uholanzi, Linda Douw na wenzake, walichapisha habari za wagonjwa wa glioma, ule uvimbe uotao ndani ya ubongo wenyewe, za daraja la chini, yaani zile zikuazo polepole, waliochunguzwa kwa wastani wa miaka 12 tangu ugonjwa wao ulipogunduliwa. Wale ambao hawakupigwa mionzi akili zao zilikuwa zimetulia pale pale. Waliopigwa walionyesha kuendelea kupungukiwa, hasa katika makini, hata wale ambao kiasi chao cha kila mara kilihesabiwa kuwa salama. Maana yake ni kwamba madhara mengine hujitokeza wakati mgonjwa amekwisha kuruhusiwa, faili lake limekwisha kurudi kabatini, na yeye mwenyewe yuko kwao akijaribu kuishi. Hospitali imwambiayo mtu huyo aje afunzwe kwake inamwita mtu ambaye iliagana naye zamani.

Na upungufu wenyewe ni wa kuhadaa. Tumfikirie mama mmoja fundi cherehani, aliyetolewa meninjioma, ule uvimbe uotao kwenye tando za ubongo na ambao aghalabu si saratani, baada ya kuukandamiza upande wa mbele wa ubongo wake kwa miaka asijue. Kidonda kimepona, nywele zimeota, kichwa hakimuumi. Kliniki daktari anamuuliza leo ni siku gani, huu ni mwezi gani, amtajia maneno matatu ayarudie baada ya muda, amwambia ahesabu kurudi nyuma. Yote anayajibu, tena kwa tabasamu, na katika faili huandikwa kwamba hali ya akili ni nzuri. Akirudi nyumbani hutunga uzi katika sindano vilevile kama zamani, na mshono wake umenyooka. Lakini akija mteja wa pili kabla wa kwanza hajaondoka, vipimo vya mabega ya huyu huandikwa kwenye karatasi ya yule. Akipigiwa hodi katikati ya kukata kitambaa huenda kufungua mlango, akazungumza, akaingia jikoni, na kitambaa kikabaki mezani hata jioni, mkasi ukiwa ungali umekiuma. Nguo ya Idi huwa tayari Idi imekwisha. Wateja humwita mvivu, mumewe humwita mkaidi, na yeye mwenyewe, asiye na jeraha la kumwonyesha mtu, huanza kuyasadiki maneno yao.

Ni chumba gani cha hospitali kitakachoyadhihirisha maradhi hayo? Chumba cha hospitali kina kimya, kina meza tupu, na kina mtu mmoja aulizaye swali moja kwa wakati mmoja. Yaani kimeondolewa kila kitu kinachomshinda mama huyu. Kumfunza humo ni sawa na kumfundisha mtu kupiga makasia akiwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni. Na mafunzo anayoyahitaji wala si siri ya wateule. Ni kuzoea kusimama kidogo katikati ya kazi na kujiuliza, "Nilikuwa nafanya nini?", mpaka swali hilo lije lenyewe bila ya kuitwa, ni kuweka mezani nguo moja tu, nyingine zote zikae ndani ya kapu lililofunikwa, ni daftari lililofungwa kwa kamba kwenye cherehani, ambamo kila mteja ana ukurasa wake na ukurasa haufunguliwi mpaka ule wa kabla yake umetiwa alama. Mwalimu aweza kuyaeleza hayo kwa simu katika robo saa. Asichoweza, akiwa amemketisha mama huyo hospitalini, ni kuiona meza yake. Ilhali kwa simu yenye picha meza yaonekana, na kapu, na daftari, na mtoto anayeingia kuomba hela ya andazi na kumkatiza mama yake mara ya nne.

Njia hiyo ya kusimama na kujiuliza haikubuniwa jana. Ian Robertson, Brian Levine na wenzao waliiwekea utaratibu wa kuwafunzia watu walioumia ubongo, na mwaka 2019 huko Toronto yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 25 wa uvimbe wa ubongo, ambamo waliofunzwa kwa utaratibu huo walipata nafuu katika kupanga na kusimamia mambo yao. Wagonjwa 25 ni wachache, sikatai. Ushahidi mzito zaidi umetoka Uholanzi, nao ndio ninaotaka kuukawilia.

Mwaka ule ule wa 2009 Karin Gehring, Margriet Sitskoorn na wenzao walichapisha jaribio la wagonjwa 140 wa glioma ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, waliogawanywa kwa kura, wengine wakifunzwa na wengine wakisubiri. Mafunzo yalikuwa vikao sita, kimoja kila wiki, kila kikao saa mbili: mazoezi ya makini kwa kompyuta, pamoja na mafunzo ya hila za kuishi na upungufu wa makini, wa kumbukumbu na wa kupanga. Mara tu baada ya vikao kwisha, waliofunzwa walisema kwa vinywa vyao kwamba wanajiona afadhali, lakini vipimo havikuonyesha tofauti. Ilipotimia nusu mwaka, vipimo vya makini na vya kumbukumbu ya maneno viliwapa waliofunzwa daraja la juu kuliko wenzao, na uchovu wa akili ukawa umewapungua.

Namwomba msomaji alitazame jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa wapinzani hulipita mbio. Faida iliyopimika haikuonekana mbele ya mwalimu. Ilionekana miezi baadaye, wakati vikao vimekwisha na wanafunzi wametawanyika majumbani mwao, katika ofisi zao na miongoni mwa watoto wao. Mimi sioni tafsiri iliyo nyepesi kuliko hii: vikao vilitoa njia, na kazi ya kuigeuza njia ikawa tabia ilifanyika nyumbani, siku baada ya siku, bila ya mtu kuiandika. Ikiwa ndivyo, basi wale wanaosema kwamba tiba ya kweli ni ile saa ya ana kwa ana wameikamata sehemu iliyo ndogo ya tiba na kuipa jina la tiba yote.

Kwa watoto jambo hili ni wazi zaidi, kwa kuwa huko mafunzo yenyewe yalifanyika nyumbani tangu mwanzo. Hospitali ya St. Jude iliyoko Memphis, Marekani, ilichapisha mwaka 2015 jaribio lililoongozwa na Heather Conklin, la watoto 68 wenye umri wa miaka 8 hadi 16, waliookoka ama uvimbe wa ubongo ama saratani ya damu, na ambao tiba iliyowaokoa ilikuwa imewaachia udhaifu wa kumbukumbu ile inayoshika mambo wakati mtu anayatumia. Walipewa mazoezi ya kompyuta, vikao 25, wayafanye kwao. Na kila wiki mwalimu aliwapigia simu, akizungumza juu ya yale yaliyofanyika na yaliyoshinda. Wengi mno walimaliza kazi waliyopewa, na ikilinganishwa na wenzao waliokuwa wakisubiri, kumbukumbu hiyo, makini na wepesi wao wa kufikiri viliongezeka. Mtoto hakukosa masomo kwa ajili ya kufuata mafunzo, mzazi hakuomba ruhusa kazini, na aliyejua alikuwapo, ingawa alikuwapo kwa sauti.

Hata kabla ya simu hizi za leo umbali ulikuwa umekwisha kuthibitisha manufaa yake. Huko California mhandisi Larry Treadgold, ambaye mwanawe aliumia kichwa, alishirikiana na mwanasaikolojia Neil Hersh kubuni utaratibu ambao mgonjwa alivaa kiunoni kifaa kidogo cha kupokea ujumbe. Saa ikifika, kifaa humshtua, naye akakitazama na kusoma: dawa, au miadi, au kwamba ni wakati wa kuondoka kwenda kazini. Barbara Wilson na wenzake waliuchukua utaratibu huo Uingereza wakaujaribu kwa watu 143 wenye majeraha ya ubongo ya kila namna, na katika habari waliyoitoa mwaka 2001 walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya waliolimaliza jaribio la wiki 16 walifanikiwa zaidi, kwa kiasi cha kupimika, katika shughuli zao za kila siku. Hapakuwa na chumba wala meza ya mtaalamu. Palikuwa na neno moja lililofika mahali panapohitajika kwa saa inayohitajika.

Na tukirudi nyuma zaidi tutamkuta Alexander Luria, Mrusi ambaye elimu yote hii ina deni kwake, na askari wake Zasetsky, aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 1943 akabaki hawezi kusoma wala kukumbuka majina ya vitu vya kawaida. Hospitalini iligunduliwa kwamba mkono wake ungali unaweza kuandika endapo hautasimama kufikiria herufi moja moja. Ugunduzi huo ulikuwa wa tabibu. Lakini kurasa karibu 3,000 alizoziandika, akiyaokota maisha yake neno kwa neno, alizitolea jasho nyumbani kwao kwa muda wa miaka kama 25. Wasomao habari zake humsifu Luria, na wana haki. Mimi humfikiria zaidi yule aliyekaa mezani kwa mama yake.

Sasa yafaa nizikabili hoja za upande wa pili, na nitaanza na iliyo na nguvu. Wapinzani husema: haya mazoezi ya kompyuta ni michezo, na michezo humfanya mtu kuwa hodari wa mchezo wenyewe tu. Kweli kabisa. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya watu 11,430 waliojizoeza kwa kompyuta kwa wiki sita. Kila mmoja alizidi kuwa mjuzi wa zoezi alilolifanya, na ujuzi huo haukuvuka kwenda kwenye kazi nyingine za akili. Mwaka 2016 kampuni yenye kuuza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani, baada ya mamlaka ya kulinda wanunuzi kuishtaki kwamba iliwahadaa watu kwa ahadi isizoweza kuzithibitisha. Bidhaa ya namna hiyo sitaitetea, na amwuziaye mgonjwa wa uvimbe wa ubongo bidhaa hiyo kwa jina la tiba anastahili aibu iliyompata. Lakini hoja hii inampiga asiyekuwapo. Watu wa Owen hawakuwa na mwalimu, wala hawakufunzwa hila yoyote ya kupambana na upungufu; walipewa mazoezi wakaachwa nayo. Kulaani mafunzo ya mbali kwa sababu ya michezo isiyo na mwalimu ni kukubali bila ya kujua kwamba kinachofanya kazi ni mwalimu. Na mwalimu, kama tulivyoona Memphis, husafiri vizuri sana katika waya wa simu.

Ipo hoja nyingine ambayo wapinzani wangeijua wangeitumia zaidi, nami nitaitoa kwa niaba yao. Mafunzo yale ya Gehring yaligeuzwa huko Tilburg kuwa programu ya kishikwambi iitwayo ReMind, na wagonjwa 62 wa glioma na meninjioma wakaingizwa katika jaribio, waliopewa programu wakianza miezi mitatu baada ya upasuaji. Matokeo yalitolewa mwaka 2021, na hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliofunzwa na wasiofunzwa, ingawa waliofunzwa waliipenda programu yenyewe. Je, umbali umeshindwa? Ndivyo atakavyosema mwenye haraka. Lakini wale 140 wa mwaka 2009 ugonjwa wao ulikuwa umetulia, na walikuwa na mtu wa kuongozana nao kikao kwa kikao. Hawa 62 walikuwa wangali katika miezi ambayo kichwa kinapona jeraha, wengine wamo katika tiba nyingine, na kwa sehemu kubwa walijiongoza wenyewe mbele ya kioo. Nilisomapo jaribio hilo naona onyo dhidi ya mambo mawili: kuharakisha mno, na kukitumainia kifaa kufanya kazi ya mtu. Onyo la tatu, kwamba mgonjwa angelazimika kukaa hospitalini, sijaliona humo hata kwa kulitafuta.

Wasemao kwamba mgonjwa wa uvimbe wa ubongo atakufa tu, basi akili yake ya nini, sitawakawiza. Hawajui maradhi wanayoyazungumzia. Mwenye meninjioma iliyotolewa yote huweza kuishi umri wa kawaida. Mwenye glioma ya daraja la chini huweza kuishi miaka mingi. Hata glioblastoma, iliyo mbaya kupita zote, ambayo katika jaribio kubwa la mwaka 2005 nusu ya waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya temozolomide waliishi zaidi ya miezi 14.6, inamwachia mtu muda wa kuandika wosia, kulipa madeni na kuwatambua wajukuu kwa majina yao. Anayeona kwamba muda mfupi hauhitaji akili, na autumie wake kwanza bila ya akili, kisha atupe habari.

Kwa upande wa pili, si haki kuyaficha mabaya ya jambo ninalolitetea. Wako wagonjwa ambao uvimbe umewanyang'anya hata ule ujuzi wa kwamba wamepungukiwa. Hao ukiwapigia simu watakwambia hawajambo, na kama hakuna jamaa wa kusema kweli, simu itakatwa na faili litadanganywa. Wako waliopoteza lugha, ambao sauti peke yake haiwafai kitu. Yuko mwenye nyumba ya chumba kimoja, ambaye hawezi kusema habari za udhaifu wake mbele ya wakwe. Na liko jambo ambalo wasifia umbali hawapendi kulitaja: mafunzo yakihamia nyumbani, mzigo wa kuyasimamia huangukia mikononi mwa mke, mama au binti, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anayo nafasi. Kwa hao wote tathmini ya kwanza ifanywe ana kwa ana na mtu anayejua kazi yake, na huyo mlezi ahesabiwe naye kuwa mwenye kuhitaji msaada. Hayo ni masharti, na tiba gani isiyo na masharti? Wapinzani huyachukua masharti wakayafanya hukumu.

Tena wao wenyewe hawayapimi masharti ya hospitali yao. Mwenye kifafa huko Ulaya hukatazwa kuendesha gari kwa muda. Mwenye kutibiwa kwa dawa ya dexamethasone hukesha macho wazi usiku. Na uchovu wa maradhi haya ni uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mtu huyo huamshwa alfajiri, hubadilisha treni au basi, hungoja katika ukumbi wenye kelele, kisha huingizwa chumbani ili makini yake ipimwe. Kinachopimwa hapo ni safari.

Na ikiwa safari ya Ulaya ni adha, sembuse ya kwetu? Katika Tanzania upasuaji wa ubongo na mionzi vimekusanyika mno Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na katika ile hospitali ya ufukweni iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo tangu mwaka 1996 ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Na ijapokuwa Bugando ya Mwanza nayo sasa inatoa mionzi, wapo wengi ambao njia ni ndefu bado. Atokaye Kigoma kwa reli ya kati husafiri zaidi ya kilomita 1,200. Atokaye Pemba hukata bahari. Hao wanapokuja kwa kisu au kwa mionzi hawana njia nyingine, kwa kuwa mashine haichukuliki. Lakini kuwaambia warudi tena na tena kwa ajili ya kufunzwa daftari la kutunzia kumbukumbu, au kuwanyima mafunzo hayo kwa sababu hawawezi kurudi, ni dhuluma isiyo na udhuru, maana neno huchukulika.

Nitaambiwa kwamba kwetu hakuna wataalamu, hakuna vishikwambi, na vipimo vimeandikwa kwa lugha za watu. Majibu yako karibu kuliko wanavyodhani. Huko Kampala, Paul Bangirana na wenzake waliwafunza kwa kompyuta watoto waliookoka malaria ya ubongo, vikao 16 kwa wiki 8, na katika habari waliyoichapisha mwaka 2009 walionyesha faida katika kumbukumbu ya kutendea kazi na katika mambo mengine ya akili. Maradhi ni mengine, lakini ubongo ni ubongo, na mwalimu alikuwa wa pale pale. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kimetungwa na kujaribiwa kipimo cha akili kwa wazee, kiitwacho IDEA, kinachoweza kutumiwa hata kwa asiyejua kusoma wala kuandika. Anayedai kwamba Mswahili hapimiki mpaka ajue Kiingereza hajafika Hai. Na kuhusu kifaa, sehemu kubwa ya niliyoyaeleza hapo juu haihitaji zaidi ya simu ya kitochi: kupigiwa kwa saa iliyoahidiwa, na ujumbe mfupi uingiao saa mbili asubuhi kumwambia mtu ameze dawa yake ya kifafa. Nchi ambayo muuza samaki hupokea malipo kwa simu yake bila ya kuondoka genge lake haina haki ya kusema kwamba mwalimu hawezi kumfikia mgonjwa kwa simu hiyo hiyo.

Ninachokiomba ni kidogo, na kinaweza kuanza bila ya kungoja bajeti ya mwakani. Siku mgonjwa wa uvimbe wa ubongo anaporuhusiwa, pamoja na tarehe ya kurudi kliniki iandikwe katika faili lake namba ya simu yake na ya jamaa mmoja aliyemchagua mwenyewe. Atajwe muuguzi au mtaalamu wa utengamao, kwa jina, atakayempigia. Na iwekwe siku na saa ya simu ya kwanza, baada ya jeraha kutulia, ambayo haitamuuliza kichwa kinaumaje tu, bali itamuuliza amesahau nini wiki hii, akiwa wapi, na akifanya kazi gani. Robo saa kwa wiki, kwa miezi mitatu, kwa wagonjwa wachache wa kuanzia. Vocha ya kazi hiyo na ilipwe na hospitali, asilipe mgonjwa. Na wakuu wanaoona kwamba haitoshi nawasihi wasiizuie. Waijaribu, waihesabu, kisha waitoe hesabu hiyo hadharani.